Kwa sahibu yangu aliyetiwa kwenye bodi ya Wahungaria

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Kwamba wakwe zako wamekutia kwenye bodi ya chama chao huko New Jersey eti kwa kuwa unajua mahesabu hakunishangazi. Mkwe haombi, mkwe anaagiza. Unauliza jengo la chama liuzwe au lisiuzwe. Hilo liweke kando kidogo, anza na rejista ya wanachama.

Fungua katiba ya chama utafute kifungu cha akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali. Vyama vya namna hii viliandika theluthi au hata nusu ya wanachama, enzi hizo ukumbi ukijaa. Waliokimbia Hungaria baada ya mapinduzi ya 1956 na kupokelewa kambi ya Camp Kilmer, hapo hapo New Jersey, wakiwa na miaka 20, sasa wanakaribia 90. Wengi wameshazikwa na majina yao bado yamo, kwa hiyo mkutano haufikii akidi na uamuzi wowote unaweza kupingwa mahakamani. Safisheni kwa utaratibu wa katiba: barua kwa kila jina, muda wa kujibu, kisha muhtasari wa kikao uonyeshe nani kaondolewa na kwa nini. Majina yakikatwa kimya kimya, jamaa wa upande wa pili watatafuta wakili.

Siku hiyo hiyo ulizia Fomu 990, taarifa ya mwaka ambayo vyama vilivyosamehewa kodi huipelekea mamlaka ya kodi ya Marekani. Chama kinachofuata kalenda ya kawaida huipeleka kufikia 15 Mei, na chenye mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza ile fupi ya mtandaoni. Kikikosa miaka 3 mfululizo, msamaha wa kodi unafutika wenyewe kwa sheria, hakuna rufaa, ni kuomba upya. Mara nyingi sababu ni ndogo tu: mweka hazina alikufa na barua za serikali zikaendelea kwenda nyumbani kwake.

Fedha nazo zitenganishe. Ile iliyotolewa kwa masharti, kwa mfano ya kusomesha vijana, ichukulie kama wakfu: paa likivuja huigusi. Masharti yakishapitwa na wakati kuna njia ya kuyabadili, nayo hupita kwa mwanasheria mkuu wa jimbo au mahakamani. Na atakayesema "tuvunje chama tugawane", mwambie mapema kwamba mali ya chama cha hisani haigawiwi kwa wanachama. Inakwenda kwa chama kingine cha hisani, basi.

Sasa hilo jengo. Kama linafunguliwa Jumapili moja kwa mwezi, soma bima. Bima nyingi za majengo huacha kulipia uharibifu wa maji na wa wahuni jengo likihesabiwa tupu kwa siku 60 mfululizo. Majira ya baridi joto lisishuke chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, la sivyo bomba litaganda na kupasuka juu ya maktaba. Mimi ningeuza mapema, kabla paa halijamaliza akiba.

Kilichobaki ndicho chenye uzito: makaratasi. Chama hiki kilianza kama kufa na kuzikana. Ndivyo vilivyoanza vingi. Kile cha Verhovay kiliundwa Hazleton, Pennsylvania, mwaka 1886 na wachimba makaa 13, kulipia ugonjwa na mazishi. Mwaka 1955 kikaungana na cha Rákóczi wakawa chama cha William Penn, kwa hiyo wakwe zako wakiungana na chama kingine si aibu. Msitumie hela kupiga picha magazeti makubwa kama Szabadság la Cleveland kabla ya kuuliza maktaba zipi zinayo tayari. Tumieni kwenye daftari za michango na mihtasari, kwa kuwa hizo nakala yake ni moja duniani. Unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 35 na 50. Ukipita 65 ukungu unaanza. Utepe wa plastiki wenye gundi msiutumie kabisa.

Hapa ndipo shemeji anapohitajika. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo "Kovács János" ukoo wake ni Kovács. Ukikuta "Kovács Jánosné", huyo ni mke wa János, jina lake mwenyewe halimo. Karani asiyejua atamwandika mwanamume wa pili. Tarehe "1911. VIII. 14." ni 14 Agosti. Mji wa Kassa wa kwenye daftari leo ni Košice, Slovakia, na Nagyvárad ni Oradea, Romania, kwani baada ya mkataba wa amani wa Trianon wa 1920 mipaka ya Hungaria ilihama: andikeni majina yote mawili. Tena chungeni herufi ő na ű. Programu za zamani ziliziandika õ na û, na anayetafuta mji wa Győr hataiona Gyõr.

Kuhusu pa kupeleka vitabu na makaratasi: tangu 2014 Hungaria ina mpango wa Mikes Kelemen unaokusanya vitabu na nyaraka za ughaibuni na kuvirudisha kwao. Vitabu vilivyochapwa Budapest wapeni. Daftari za wanachama zibaki Marekani, chuo kikuu au jumba la nyaraka la jimbo, maana wajukuu wanaozitafuta wako huko. Kabla ya kukabidhi, kila kitu kiwe na hati ya aliyekitoa. Nguo na vyungu visivyo na hati huenda vililetwa kwa kuazimwa tu, na mwenyewe ana watoto.

Mwombe shemeji akae na bibi mmoja anayesoma mwandiko wa zamani, saa mbili kila Jumamosi, kinasa sauti kikiwa mezani. Waanze na kasha la picha zisizo na majina. Ukishapata nakala ya katiba nitumie, nikitazame kile kifungu cha akidi.

Wako sahibu