Si kweli kwamba mtoto wa miaka 7 ni wa baba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno linalowatesa akina mama wengi wanaoachika. Mtaani tunaambiwa mtoto akifikisha miaka 7 ni wa baba, basi. Nami niliambiwa hivyo na mzee mmoja wa mtaa, nikawa silali, nahesabu miezi iliyobaki kabla ya kunyang'anywa binti yangu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo hata kidogo. Kifungu cha 125 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, labda ithibitishwe vinginevyo. Akivuka umri huo hapewi baba moja kwa moja. Uamuzi unabaki wa mahakama, na matakwa ya mtoto anayeweza kujieleza huzingatiwa. Tena baba anawajibika kutoa matunzo hata kama mtoto anaishi kwa mama.

Jambo jingine ni baraza la usuluhishi wa ndoa, linalojaribu kwanza kuwapatanisha mume na mke. Kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Wapo wanaolijua hili wakiwa tayari mahakamani, nauli imekwisha na mtoto yuko mgongoni.

Naziomba ofisi za kata zibandike maelezo haya mlangoni, kwa Kiswahili chepesi.

Mama wa watoto wawili,
Morogoro