Tangi kubwa safi, tangi la vipande limejaa mwani: kwa nini, na maji ni yaleyale?

Swali hili hutufikia karibu kwa maneno yaleyale. Tangi kubwa la matumbawe, la maji ya chumvi, lina miaka kadhaa, mawe yake yameshika rangi ya zambarau, matumbawe yamechanua. Pembeni likaunganishwa tangi dogo la kukuzia vipande vilivyokatwa kwenye matumbawe, na baada ya wiki sita kila kitako cha kauri kinachobeba kipande kimeota ndevu za kijani. Mteja anapima nitrati na fosfati pande zote mbili, anakuta namba hazitofautiani. Kisha anakuja kununua dawa ya kuondoa fosfati.

Tunaomba dawa hiyo ibaki dukani kwanza. Maji yanayopita matangi yote mawili ni mamoja. Kama mwani wa tangi kubwa haukui juu ya chakula kilekile, basi si kwamba tangi dogo lina chakula kingi zaidi. Katika tangi kubwa kila jiwe lina mwenyewe: gamba la mwani mgumu wa waridi, sponji, bakteria, matumbawe yenyewe, na kinachochipua juu yake huliwa kabla hujakiona. Tangi jipya halina wenyeji na halina walaji. Tena ukiweka kichuja fosfati kwa ajili ya tangi dogo, unaivuta fosfati kutoka kwenye mfumo mzima, na wa kwanza kulipa ni zile Acropora zako (matumbawe magumu ya matawi) za miaka mingi, ncha zinaanza kuungua.

Walaji ndio tunaoanza nao karibu kila mara. Wakulima wa mwani Zanzibar wanawajua samaki tasi wanavyotafuna mwani kwenye kamba za shamba, na mwambani tasi, kangaja na pono ndio wanaoyaachia matumbawe nafasi ya kuota. Tangi la vipande la lita 120, kina sentimita 30, halitoshi kangaja kuishi kwa haki, kwa hiyo kazi ni ya konokono. Chukua trokasi wadogo wa sentimita mbili hivi, anza na wanane, ongeza hadi kumi na wawili ukiona bado kuna kazi. Trokasi akianguka chali hujigeuza mwenyewe. Astrea wengi hawawezi: hufa palepale, wakaoza, wakawa mbolea ya kile walichotakiwa kula. Konokono wakubwa kama limau hula vizuri lakini huangusha vipande usiku kucha. Kaa wanaoishi ndani ya magamba tunashauri uwaache, kwa sababu huua konokono ili wapate nyumba.

Mkondo nao hupuuzwa kwa kuwa pampu ya kurudisha maji tayari inaingiza maji. Hiyo haitoshi. Tangi la lita 120 linahitaji pampu yake ya mkondo inayosukuma kati ya lita 2,400 na 3,600 kwa saa, na chanja ya vipande iinuliwe angalau sentimita 5 kutoka sakafuni ili maji yapite chini yake. Inua chanja iliyokaa mwezi mzima bila kuguswa uone tope la kahawia lililolala pale. Usiweke mchanga. Kila wiki nyonya sakafu kwa mpira, lita 10 au 12, na hayo yawe sehemu ya maji ambayo ungebadilisha hata hivyo.

Kuhusu chanja yenyewe: ule wavu wa plastiki wa miraba unaofunika taa za ofisini ni rahisi, lakini kila mraba una kuta nne za kuotea mwani na mswaki hauingii vizuri. Chanja ya akriliki yenye matundu ni bora. Kuwa na mbili. Moja ikiwa kazini, nyingine iloweke kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, usiku mzima, kisha suuza sana na uianike juani mpaka harufu iishe kabisa. Zibadilishe kila wiki nne.

Taa inataka subira. Mara nyingi taa ileile iliyowekewa tangi kubwa la kina cha sentimita 60 inaning'inizwa juu ya tangi lenye nusu ya kina hicho, na kipande kilichokatwa juzi kinapigwa mwanga ambao hata mama yake hapati. Kwa matumbawe yenye nyama, PAR (kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru) ya 80 hadi 120 inatosha. Kwa Acropora anza na 150, na usipandishe mpaka uone tishu imeanza kutambaa juu ya kitako. Saa nane kwa siku, tuseme saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kuzima taa siku tatu mfululizo hatukushauri hapa: mwani utarudi, na kipande chenye jeraha bichi ndicho kitakachoteseka zaidi.

Sasa usafi wa vitako. Toa kimoja, kishike chini ya mwanga mweupe, utazame pale nyama inapokutana na kauri. Kwenye Montipora (aina nyingine ya matumbawe magumu) inayokua utaona ukingo mwembamba, mweupe kidogo, unaosogea mbele. Nyuzi za mwani zikilala juu ya ukingo huo hunasa uchafu, tishu inasimama, wakati mwingine inarudi nyuma. Hapo ndipo pa kulinda. Ndevu za upande wa chini zinaweza kungoja.

Usisugue ndani ya tangi. Kila uzi unaokatika unaweza kupita kwenye bomba na kutua kwenye tangi kubwa. Andaa ndoo mbili za maji ya tangi. Kwenye ya kwanza ng'oa kwa kibano ukianzia ukingoni, kisha sugua kauri kwa mswaki. Kitoe majini, paka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, kwa brashi ndogo juu ya kauri tu, usiguse nyama. Itatoa povu. Subiri dakika moja, suuza kwenye ndoo ya pili, rudisha. Mabaki yatageuka meupe ndani ya siku mbili tatu na konokono watayamaliza. Maji ya ndoo zote mbili yamwagwe. Peroksaidi isimiminwe tangini kamwe, kamba wasafishaji hawaivumilii.

Ukitaka kukwangua vioo, funga valvu ya maji yanayoingia, acha pampu ya mkondo iendelee kufanya kazi, kwangua, nyonya, kisha fungua. Usifunge valvu ya kutolea maji peke yake: tangi litafurika sakafuni.

Mwani wenye umbo la unyoya ni suala jingine, huo huitwa Bryopsis na mswaki hauumalizi. Baadhi ya wafugaji hutumia flukonazoli (dawa ya fangasi), miligramu 5 kwa lita, wakiwa wametoa kaboni ya kuchujia na kuzima povu la skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu). Kosa tunaloliona ni hesabu. Mfumo wenye lita 500 za maji halisi unahitaji miligramu 2,500, yaani vidonge 17 vya miligramu 150. Anayehesabu tangi dogo pekee huweka vinne, kisha anasema dawa haifanyi kazi.

Chakula kinakuwa suala pale nitrati inapopita miligramu 20 kwa lita na fosfati inapopita 0.2 pande zote. Lenga nitrati 5 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1, ukishusha polepole. Kuzifikisha sifuri hukaribisha ute wa kahawia wenye mapovu, na huo ni mgumu kuliko ndevu za kijani.

Ukituita tuje kuangalia, tuandalie mambo haya: ujazo wa mfumo mzima, saa za taa, kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka) cha maji unayojazia (kikizidi 0, resini ya kichujio cha maji hayo imechoka), na picha za vitako vitatu vilivyo vibaya zaidi, zilizopigwa chini ya taa nyeupe, si ya bluu. Na tafadhali usisafishe siku hiyo. Tunahitaji kuona mwani ulivyo, na umeanzia upande gani wa chanja.