Bwawa la kutuamishia tope lipanuliwe, lisichimbwe zaidi

Mhariri,

Kila masika maji ya mto Nyando yakigeuka kahawia, kamati za maji huku Kano hukimbilia dawa ileile: bwawa la kutuamishia tope lichimbwe liende chini zaidi. Jasho hilo hupotea bure. Kinachonasa chembe ni eneo la uso wa maji, si kina. Ukiongeza kina maradufu, maji hukaa humo muda maradufu, lakini chembe nayo ina safari maradufu ya kushuka. Mita 1.5 zatosha, ukiacha nafasi ya tope chini yake.

Chukua pampu ya lita 10 kwa sekunde. Chembe yenye upana wa milimita 0.02 hushuka takriban milimita 0.4 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 25. Ukigawanya maji ya pampu kwa kasi hiyo ya kushuka, unapata uso wa mita 25 za mraba, maji yakiwa yametulia tuli. Bwawani hayatulii hivyo, basi zidisha mara 2: mita 4 kwa 13.

Msukosuko hauzitendei chembe zote sawa. Vizingia vya maji, yaani maji yanayozunguka kama pia, hutupa nje punje nene za mchanga. Hizo hukusanyika pembeni mwake, zikafuata upande unaoshuka, na zaweza kuzama upesi kuliko kwenye maji matulivu. Tope laini haliwezi kuchomoka, huzunguka na maji na kurudishwa juu. Ndiyo maana bomba likimwaga kwa nguvu, mchanga hurundikana mlangoni huku maji yakitoka upande wa pili na rangi yake ileile. Jengeni ukuta wenye matundu mbele ya bomba, upana wote wa bwawa. Kwenye kutokea, maji yafurike juu ya ukingo mrefu, yasivutwe na bomba moja.

Udongo wa mfinyanzi ni jambo jingine. Chembe ya milimita 0.001 huchukua zaidi ya siku 11 kushuka mita moja, kwa hiyo bila dawa ya kuzishikanisha chembe, kama shabu, hazitatuama kwa wakati. Koroga kwa kasi dakika 1, kisha polepole dakika 20 hadi mabonge yaonekane. Wengi huendelea kwa kasi, mabonge yakavunjika, na shabu ikalaumiwa bure. Kipimo cha shabu kijaribiwe upya kwenye mitungi ya lita moja kila baada ya mvua kubwa.

Fundi wa maji,
Ahero, Kisumu