Asilimia ya matangazo hukatwa kwenye hesabu gani?

Mhariri,

Watu wanaofungua mikahawa ya fransaizi, yaani kwa kulipia jina na mfumo wa kampuni nyingine, hapa Kisumu na Nakuru huulizia ada ya kuingia na mrabaha (malipo ya kila mara ya kutumia jina hilo), kisha kipengele cha matangazo wanakiruka. Hapo ndipo pesa huvujia.

Mzigo huo kwa kawaida una sehemu tatu: mchango wa mfuko wa pamoja wa matangazo, kiwango cha chini cha kujitangaza mtaani kwako, na kitita cha wiki za ufunguzi. Mbili za kwanza hukokotolewa kwa mauzo, si kwa faida. Mwezi wa hasara nao unalipiwa.

Kabla hujabishania asilimia, jua “mauzo ghafi” yana maana gani katika mkataba wako. Bei za menyu huwa na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% ndani. Mkahawa ukiingiza sh1,500,000 kwa mwezi, ukiondoa VAT zinabaki takriban sh1,293,100. Tuseme mfuko ni 4% na mtaani ni 2%. Ukikatwa kabla ya kuondoa VAT, unalipa sh90,000. Ukikatwa baadaye, takriban sh77,600. Kwa mwaka tofauti inakaribia sh149,000, na asilimia haijaguswa! Maagizo ya mtandaoni ni vivyo hivyo: chakula cha sh1,000, msafirishaji akikata 25%, unapokea sh750 na bado unatozwa kwa sh1,000. Dai mkataba useme wazi kuwa VAT, pesa walizorudishiwa wateja na makato ya wasafirishaji hayahesabiwi.

Matangazo ya mtaani yana mtego wake. Ukichora ukuta Kondele au ukilipia redio ya Kijaluo bila idhini ya maandishi, kampuni inaweza kukataa kuihesabu gharama hiyo na kukudai pengo lililobaki. Tena, tangu Januari 2024, gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA) hazipunguzi kodi ya mapato, kwa hiyo risiti ya mkono ya mchoraji haitoshi. Uliza pia kama ada ya kaunti ya bango inahesabiwa. Chakula cha bure na bei za ofa mara nyingi havihesabiwi.

Mikataba mingi haiulazimishi mfuko kutumia pesa pale zilipotoka. Kuku wa Kisumu anaweza kulipia mabango ya Nairobi mwaka mzima. Omba hesabu za mfuko zilizokaguliwa kila mwaka, na kikomo cha kiasi kinachoweza kutumika kuuendesha.

Nchini Marekani, sheria huitaka kampuni yenye jina impe mnunuzi wa fransaizi waraka wenye ada zote hizi angalau siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa. Kenya haina sheria mahususi ya fransaizi. Nawaomba wabunge wetu watunge moja, na waanze na waraka huo.

Mhasibu wa mikahawa,
Milimani, Kisumu