Wakili anayetetea leo na kushtaki kesho sio kigeugeu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana kuna hoja naona inarudi rudi kwa wasomaji wenzangu, kwamba wakili anayesimama kumtetea mtu aliyeua au aliyebaka basi na yeye ni wale wale tu, na mbaya zaidi ni yule anayetetea wiki hii halafu wiki ijayo unamkuta upande wa mashtaka, eti huyo hana msimamo anafuata hela. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye mahakama za jinai huku Uingereza, nakaa kizimbani pembeni ya mshtakiwa namtafsiria kila kinachosemwa, na mawakili vijana wanaofanya kazi hii nawaona kwa karibu sana, kwahiyo naomba na mimi nisikike.

Huku mawakili wako wa aina mbili. Kuna solisita, huyo ndo anakufuata kituo cha polisi na kuandaa faili, na kuna barista, ambaye kazi yake kubwa ni kusimama mbele ya jaji na jopo, yaani wananchi 12 wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia au hana. Mabarista wengi wa jinai hawajaajiriwa na mtu, wanajitegemea, wanachangia ofisi inayoitwa chemba na pale kuna karani anayewapangia kazi, akisema kesho uko Luton basi kesho uko Luton. Siku nyingine karani anampa faili la ofisi ya mashtaka ya serikali, CPS, siku nyingine faili la mshtakiwa. Tena kuna kanuni kabisa, kama una nafasi na kesi ni ya fani yako na unaiweza, huruhusiwi kuikataa kwa sababu tu mshtakiwa anachukiza au kosa lenyewe linachefua. Sio jambo la juzi hili, mwaka 1792 wakili Thomas Erskine alimtetea mwandishi Thomas Paine aliyeshtakiwa kwa maandishi yake, serikali ikiwa imekasirika kweli kweli, na Erskine akapoteza cheo chake cha wakili wa Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa kiti cha mfalme, ila kesi hakuiacha.

Sasa hawa vijana faili mara nyingi linawafikia jioni, kwa sababu mwenzao aliyekuwa nalo kesi yake nyingine imechelewa kuisha, basi mtu anakesha anasoma maelezo ya mashahidi, mahojiano ya polisi, picha za kamera, ripoti za simu, alfajiri yuko kwenye treni, na kabla jaji hajaingia inabidi ashuke selo chini ya jengo akutane na mteja kwa mara ya kwanza. Pale mimi nakuwepo. Ana dakika chache za kumfanya mtu asiyemjua amwamini, halafu amwambie mambo mazito, kwamba ushahidi uko hivi na hivi, ukikiri mwanzoni kabisa adhabu inaweza kupunguzwa mpaka theluthi moja, ukingoja mpaka siku kesi inaanza kusikilizwa punguzo linabaki moja ya kumi, lakini kama hukufanya usikiri, uamuzi ni wako wewe. Anayeyasema haya unakuta ni binti au kijana mdogo tu, na mbele yake kuna mtu mzima analia.

Halafu mshtakiwa anapandishwa juu, anamuona wakili wake anaongea na kucheka na wakili wa mashtaka, hapo hapo ananigeukia ananiambia ndugu yangu nimeuzwa. Nimelisikia hili kwa Waswahili wenzetu mara nyingi mno na linaniuma, kwa sababu hao wawili wanafahamiana, wanaweza hata kuwa wa chemba moja, na mwezi ujao watabadilishana viti. Wakianza kazi utaona anavyomhoji shahidi wa mwenzake bila huruma. Kufahamiana kwao kunasaidia wakubaliane haraka mambo yasiyobishaniwa na jopo libaki na yale yanayobishaniwa kweli.

Lile swali kubwa la je mteja akimwambia nimefanya, jibu lake liko wazi. Hawezi tena kusimama aseme mtu huyu hakufanya, hawezi kumpandisha aseme uongo, hawezi kumsingizia mtu mwingine. Mteja aking'ang'ania kukana, wakili anachoweza ni kuupima ushahidi wa mashtaka aone kama unatosha, basi. Wajibu wake kwa mahakama unatangulia wajibu wake kwa mteja, akiupotosha ukweli kwa makusudi anaweza kufutwa kazi hiyo moja kwa moja.

Na akiwa upande wa mashtaka kazi yake sio kushinda. Nakumbuka habari ya Desemba 2017, mahakama ya Croydon, London, mwanafunzi mmoja alikuwa anashtakiwa kwa ubakaji. Barista wa mashtaka, Jerry Hayes, mtu mzoefu aliyewahi kuwa mbunge, aliipokea kesi ikiwa inaanza kesho yake, akaagiza polisi wakabidhi meseji zilizotolewa kwenye simu ya mlalamikaji, zaidi ya 40,000, ambazo upande wa utetezi haukuwa umepewa. Zilipofunguliwa kesi ikaanguka, na waliosimama kusema hatuendelei ni mashtaka wenyewe. Kwa maoni yangu mtu aliyewahi kukaa kiti cha utetezi ndo anajua kuuliza kitu gani hakimo kwenye faili. Na aliyewahi kukaa na mlalamikaji anayetetemeka kabla ya kuitwa, siku akiwa mtetezi anajua namna ya kumhoji bila kumdhalilisha. Ukiwatenganisha, hawa watetezi maisha yao yote na wale washtaki maisha yao yote, utapata watu wanaochukiana na kila mmoja anaona nusu tu.

Kuhusu hela, hapo ndo wasomaji wanakosea zaidi. Kwenye mgomo wa 2022 chama chao kilisema kipato cha kati cha barista wa jinai kwenye miaka 3 ya mwanzo ni pauni 12,200 kwa mwaka, yaani baada ya kukesha kote huko. Walianza Aprili kwa kukataa kupokea kesi ambazo wenzao wamezirudisha kwa kubanwa na kazi nyingine, tarehe 5 Septemba wakaweka joho chini kabisa, mpaka Oktoba walipokubali nyongeza ya asilimia 15. Wengi walishaondoka wakaenda kwenye sheria za biashara. Mwaka 2024 kesi zilizosubiri kwenye Crown Court, mahakama inayosikiliza kesi nzito za jinai, zilipita 70,000, kuna zinazopigwa kalenda siku yenyewe ya kuanza kwa sababu tu hamna wakili, mlalamikaji anachoka anajitoa, na asiye na hatia anaendelea kuishi na tuhuma au kukaa rumande. Hilo ndo la kulikasirikia, sio kijana aliyesimama kumtetea mtu mnayemchukia.

Ndugu wa mshtakiwa mnaonisoma huku Uingereza, mkipata kesi msisubiri siku ya mahakama ndo mje na karatasi mkononi. Mpeni solisita majina ya mashahidi, meseji na tarehe mapema, mwambieni kama mtu wenu anahitaji mkalimani na wa lugha gani hasa, na muulizeni mapema barista ni nani, ili yule kijana akipewa faili saa moja usiku alikute lina kitu ndani.

Msomaji wenu,
Mkalimani wa mahakamani, Uingereza