Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Skii Zetu Zirudi Thelujini

Ndugu wanachama,

Kwa desturi taarifa hii ya chama chetu, kinachotunza na kuteleza kwa skii za zamani za mtindo huru, yaani za matuta, miruko na michezo ya thelujini, huanza na idadi yetu na hali ya mfuko. Mwaka huu naomba nianze na Jumamosi ya pili ya Februari, kwa sababu karibu kila uamuzi uliochukuliwa na kamati tangu siku hiyo umetokana nayo.

Waliokuwepo wanakumbuka. Tulikuwa kumi na wanne kwenye ule mteremko wa wanaojifunza, kila mtu na jozi yake ya zamani, baridi inakata masikio. Akashuka garini mama mmoja aliyepita miaka 70, mwenyeji wa hapa New Hampshire, kabeba begani skii fupi zilizochubuka rangi. Habari zetu alizipata kwa jirani yake, ambaye ni mwanachama wetu. Akauliza kama anaruhusiwa kuteleza nasi siku hiyo moja. Tukamkaribisha. Akazifunga miguuni, akashuka taratibu mita ishirini hivi, kisha akauinua mguu wa nje, akaunyoosha nyuma, akageuka mzingo mzima kwa skii ya ndani peke yake, mikono imefunguka kama mtu anayepokea mgeni. Sote tulinyamaza. Ule mgeuko wengi wetu tumekuwa tukiutazama kwenye picha kwa miaka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameuona ukifanywa mbele yake na mtu aliyeujua tangu enzi zake.

Unaitwa royal christie, na jina lake lina hadithi ambayo vijana wetu wapya hawajaisikia. Halikuhusu ufalme wowote. Mjerumani Fritz Reuel ndiye aliyefundisha mgeuko huo miaka ya 1920, alipotaka watu wateleze kwa ustadi wa wale wanaocheza juu ya barafu. Jina lake likapita midomoni mwa wasemaji wa Kiingereza, Reuel likageuka kuwa royal. Kwa hiyo mizizi ya mchezo tunaoupenda ni mirefu kuliko hizo picha za miaka ya 1970 tunazozipamba ukutani. Baada ya Reuel alikuja Stein Eriksen wa Norway, bingwa wa Olimpiki ya Oslo ya 1952, aliyehamia Marekani na kufundisha, pamoja na kwingineko, hapo jirani Sugarbush, Vermont. Watu walijazana kumwona akipiga samasoti kwa skii, mwili umenyooka kama mshale. Kisha Waswisi wawili: Roger Staub, bingwa wa Olimpiki wa 1960, na Art Furrer wa Riederalp, ambaye alivuka bahari na kuwaonyesha Wamarekani kwamba skii inaweza kuchezewa kama mtoto anavyochezea gurudumu.

Art Furrer natamani tumtaje kila mwaka. Ule mgeuko wake wa mkuki, ambapo unasimama kwa skii moja na nyingine unaipitisha mbele yake kwa kuikingamisha, umepata jina kutokana na skii yenyewe: Javelin, yaani mkuki, ya kampuni ya Hart ya St. Paul, Minnesota. Jina la kifaa limekuwa jina la tendo. Mpaka leo walimu wa skii hufundisha mgeuko huo kama zoezi la kusimama vizuri juu ya mguu wa nje, na wanafunzi wengi hawana habari kwamba wanataja jozi ya skii iliyokwisha kutengenezwa zamani.

Na sisi tunaishi mahali penyewe. Mwaka 1971, Waterville Valley, katika jimbo hili hili, yalifanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa ya mtindo huru. Wakati ule hawakutenganisha chochote. Mtu alishuka mlima, akapita matuta ya theluji, akaruka, akacheza, na majaji wakapima vyote kwa pamoja. Ndipo akaonekana kijana Wayne Wong wa Kanada, na miwani yake ya fremu nyeupe, na ule ujanja wa kuchomeka fimbo mbele na kupinduka juu yake, unaobeba jina lake hadi leo. Ndipo akaonekana Suzy Chaffee, nahodha wa wanawake wa Marekani kwenye Olimpiki ya Grenoble ya 1968. Kundi la wanawake halikuwepo, basi akashindana na wanaume. Wakaitwa watu wa hotidogi, yaani wapenda kujionyesha, na wengi walilipokea jina hilo kwa fahari. Miruko na migeuko yao nayo ilipewa majina ambayo nikiyatafsiri kwa wanangu wanafurahi: mkuna mgongo, tai aliyetandaza mbawa, helikopta, mgeuko wa nyungunyungu.

Sasa nije kwenye banda letu la kuhifadhia skii.

Tumemaliza mwaka tukiwa na jozi 64, tisa zaidi ya mwaka jana. Fahari yetu mpya ni jozi ya The Ski, za Bobbie Burns. Huyu alikuwa fundi wa kushuka matuta kule Sun Valley, Idaho, akafanya kazi na kampuni ya skii ya K2, kisha katikati ya miaka ya 1970 akaanzisha skii zake mwenyewe. Kwa kuzishika tu utaelewa alichokitafuta. Ziweke ncha chini, kandamiza katikati kwa kiganja: zinakunjika bila ugomvi. Skii za mashindano ya mwendo za wakati ule zilikuwa ngumu na ndefu, mita mbili na zaidi kwa wanaume, ili zisitetemeke kwenye kasi. Kwenye matuta ugumu huo ni adhabu. Ncha inagonga tuta la mbele, haikubali kupinda, inakurusha nyuma, unafika tuta linalofuata umekalia visigino. Skii laini inapinda na kulifuata tuta, halafu inajirudi. Ninyi mliozijaribu zote mbili kwa siku moja mnajua tofauti hiyo inavyosikika magotini.

Skii za baleti, yaani za kucheza dansi juu ya theluji, ni kiumbe kingine kabisa, na hizo ndizo adimu zaidi bandani: jozi tano tu. Ni fupi, ni nyepesi, na nyuma zimeviringwa ili mtelezaji arudi kinyumenyume bila kukwama. Fimbo zake ni ndefu na nene kuliko za kawaida, kwa kuwa mchezaji huziegemea kwa uzito wake wote anapopinduka. Mama yetu wa Februari alizishika fimbo za jozi yetu moja, akazipima na bega lake, akasema, "Hizi zilikuwa za mtu mfupi kuliko mimi." Kwa sentensi hiyo moja alitufundisha namna ya kuzipanga zote.

Niseme kwa nini baleti inaniuma. Mimi ni mtoto wa Moshi. Theluji ya Kibo nimeiona tangu utotoni kila mawingu yaliporuhusu, lakini sikuwahi kuikanyaga theluji hadi nilipofika huku mwaka 1991 nikiwa mwanafunzi. Jioni nilifanya kazi kwenye karakana ya skii, kunoa kingo za chuma za skii na kupaka nta. Nyuma ya karakana palikuwa na mteremko mdogo, na msichana mmoja alikuja kila Alhamisi na redio ya kaseti, akaiweka juu ya ndoo, akacheza. Alivuka miguu, akazunguka, akateleza kinyumenyume, akapinduka juu ya fimbo na kutua palepale mdundo ulipoangukia. Nilikuwa bado siwezi kusimama kwa skii, lakini ngoma naijua. Anayefuata mdundo na anayeukimbiza nawatambua. Yule alikuwa ndani ya mdundo. Nikasema huu ndio mchezo wangu.

Haukudumu. Shirikisho la kimataifa la skii liliutambua mtindo huru mwaka 1979, na matuta, miruko na baleti vikaenda pamoja kama ndugu watatu. Conny Kissling wa Uswisi alitwaa ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia mara kumi mfululizo, kuanzia 1983 hadi 1992, na ubingwa huo wa jumla ulimtaka mtu ajue yote. Kwenye Olimpiki ya Calgary 1988 vyote vitatu vilikuwa vya maonyesho. Matuta yakapewa medali Albertville 1992, miruko ikafuata Lillehammer 1994. Baleti ilionyeshwa tena Albertville, ikaachwa hapo, na kufikia mwaka 2000 ikaondolewa hata kwenye Kombe la Dunia. Matuta na miruko vina vijana wanaoviendeleza. Ndugu wa tatu hana shindano, na skii zake hazitengenezwi tena. Ndiyo maana nasema jozi hizi tano zina uzito usiolingana na idadi yake.

Hapo ndipo mabishano yetu ya mwaka yalipoanzia. Nitayaeleza kwa haki ya pande zote mbili. Baadhi yenu mnataka skii zote zitundikwe ukutani: kila mteremko unakula ukingo, kila skrubu mpya ni jeraha kwenye kifaa kisichoweza kupatikana tena. Wengine mnasema skii iliyotundikwa ni picha ya skii. Kamati ilikaa mara tatu juu ya jambo hili. Uamuzi wetu ni huu: jozi yenye mwenzake bandani, yaani tuliyonayo zaidi ya moja ya aina ile ile, itatelezwa. Jozi ya pekee itabaki na vifungo vyake vya asili, vile vinavyoshika buti kwenye skii, na haitachimbwa tundu. Kwa baleti tumeweka msamaha mmoja: jozi mbili kati ya zile tano zitafungwa vifungo vya kisasa ili zitumike. Mimi nilipiga kura ya ndiyo, na nikipata lawama naipokea, maana yule mama asingeweza kutuonyesha chochote kwa skii zilizo ukutani.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Machi mwanachama wetu mmoja alivaa buti za plastiki za miaka ya 1970, za asili kabisa, zinang'aa kama mpya. Kwenye mzunguko wa pili buti la kushoto lilipasuka vipande vipande, naye akateguka kifundo cha mguu. Amepona, namshukuru Mungu, na yuko nasi leo. Plastiki ile huzeeka kwa ndani: nje inapendeza, ndani imekuwa biskuti. Kuanzia sasa buti za zamani ni za maonyesho tu. Hali kadhalika vifungo visivyo na breki. Zamani skii ilifungwa kamba kwenye kifundo cha mguu ili isikimbie mlimani. Mtu akianguka na kifungo kikiachia, ile skii inabaki inazunguka kwa kamba na kumpiga kichwani au mgongoni. Waliotutangulia waliumia hivyo. Na wapo walioumia vibaya zaidi: katikati ya miaka ya 1970 wapo waliopooza kwa miruko ya kichwa chini, bima zikapanda, na milima mingi ikaipiga marufuku. Tunaipenda enzi ile pamoja na deni lake hilo, na hatutalipa deni hilo mara ya pili.

Karakana imefanya kazi nzuri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Jozi kumi na moja zilizokuwa zimeachana tabaka zimeunganishwa: kukausha kwanza siku kadhaa ndani, kusafisha mfunuko kwa msasa, gundi ya epoksi hadi mwisho wa ufa, kisha kubanwa kwa jiliwa siku nzima, karatasi ya nta katikati ili gundi isishike mbao za kubania. Matundu ya skrubu za zamani tunayaziba kwa vijiti vya mbao na gundi kabla ya kuchimba mapya. Kutu ya kingo tunaitoa kwa tupa laini, si kwa mashine, kwa sababu ukingo wa miaka hamsini hauna chuma cha kupoteza. Namshukuru fundi mkuu na vijana wanne wanaojifunza kwake.

Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Mimi naongeza tu kwamba kodi ya banda imepanda, na wanachama saba bado hawajalipa ada. Wanajijua, na nawaomba wamwone kabla hatujaondoka hapa.

Mwisho, habari njema. Yule mama ametukabidhi jozi aliyokuja nayo, pamoja na fimbo zake. Ametoa sharti moja, nalo tumelikubali kwa maandishi: zitelezwe. Yeye mwenyewe atatufundisha Jumamosi tatu za Januari, saa nne asubuhi, kwenye mteremko ule ule. Nafasi ni nane kwa kila siku. Anayetaka ajiandikishe kwa Ndugu Katibu, aje na buti za kisasa na kofia ngumu, na atafute fimbo zinazomfika begani. Redio nitaileta mimi.

Wenu katika theluji,
Mwenyekiti