Mmemuonea Bwana Msa

Mhariri, salamu na pole na kazi.

Ile makala yenu ya juzi kuhusu waandishi wa zamani nimeisoma yote, na asanteni kwa kumkumbuka Muhammed Said Abdulla, ila mmenikera pale mlipommaliza kwa sentensi mbili tu, eti Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vyake, kamuiga kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza wa kule London, basi. Jamani! Kiko ni kweli Bwana Msa anavuta, na rafiki wa kumshangaa yupo, ndo huyo Najum, hapo sibishi. Lakini mzee Abdulla mwenyewe kazaliwa Makunduchi 1918, katoka shule kaingia idara ya afya kuwa mkaguzi, na mkaguzi wa afya kazi yake si ndo kuingia majumbani mwa watu, mpaka uani huko, anaona ambayo mgeni haonyeshwi? 1948 akahamia magazetini, halafu toka 1958 mpaka anastaafu 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo! Sasa mtu kama huyo London ya nini, wakati ugomvi wa mirathi na siri za nani mtoto wa nani ziko barazani hapo hapo, na ukimsoma vizuri utaona hizo ndo zinazomshughulisha kuliko damu.

Nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale (kile kilichoshinda shindano la uandishi la 1957/58, kikatoka 1960) nilikiokota kwenye vitabu vya mtumba, jalada hamna, nafika nyumbani nafungua ukurasa wa kwanza, kuna mshenzi kaandika jina la muuaji kwa peni ya bluu, na mshale kapiga! Nilitukana peke yangu. Ila nikasema ngoja nisome kidogo tu, nikaja kushtukia adhana ya alfajiri, maana utamu wote uko kwenye watu wanavyozungushana kwa maneno, kile Kiswahili cha Unguja cha kumtupia mtu fumbo huku unamkaribisha kahawa. Mambo hayo anaigiwa nani?

Kwa hiyo mkimwandika tena mpeni nafasi, na vile vingine kina Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu mvitaje.

Kitabu sasa hivi anacho binti yangu. Lile jina nimelikwangua kwa wembe kabla sijampa, ila ukiinamisha karatasi kwenye taa bado linasomeka.

Msomaji wenu,
Unguja